Kibet Anauliza Niko Wapi

Jumamosi, 4 Agosti 1956

Jibu la Kibet limefika na treni kutoka Nakuru! Tulipatana: kila mmoja amtumie mwenzake barua ya picha, bila sauti, kwa vipande vya filamu vinavyobaki kazini. Kazini, kwenye filamu za afya za serikali, ni bwana Mzungu tu anayeamuru: piga hapa, piga pale, onyesha watu kunawa mikono. Hizi ni zetu, tujijue sisi ni akina nani.

Nimeionyesha filamu yake ukutani. Kibet anafua shati, anajicheka. Halafu analia! Yule mcheshi! Hata uso hakuficha.

Jumapili, 5 Agosti

Filamu yangu niliyomtumia kwanza amenirudishia, na karatasi ya maneno. Eti humo Mama yangu anaosha sufuria, anatabasamu, anaanika — kama ile filamu yetu ya ugonjwa wa kuhara. Eti, Kituyi, wewe uko wapi?

Mjinga! Yeye ni nani anifundishe?

Jioni. Nimeitazama tena. Lo! Nilimvalisha Mama gauni la kanisa aoshe sufuria. Nikamwambia acheke. Nimeona aibu sana.

Jumatano, 8 Agosti

Ruhusa ya kwenda nyumbani nimepata. Kipande cha filamu ni kimoja tu, na bwana amesema hakuna kingine mwaka huu. Nikikiharibu, Kibet atabaki na ule uongo wangu. Nataka rafiki mmoja tu anijue. Ni mengi hayo?

Jumapili, 12 Agosti. Turbo, kwa Mama

Tumetoka kanisani. Nikamwambia Mama leo asifanye kitu, akae tu. Akacheka kweli kweli: hata kwa hii Mzungu analipa?

Halafu akasema tangu tumzike Baba sijakaa naye hata chai ikaisha. Nikija ni kusimama tu nyuma ya hicho kisanduku.

Ni kweli. Hata siku ya mazishi nilishika kamera, sikulia. Watu wakanisifu eti mwanaume.

Sasa Mama anachemsha chai, mimi naandika hapa mlangoni. Kamera nimeiweka juu ya debe, springi yake ya kuiendesha nimeikaza, kifungo cha kupigia nitakibana na uzi, ijiendeshe yenyewe. Mama ametoa kiti cha Baba. Hakuna aliyekikalia mpaka leo! Amekipangusa na leso, akakiweka karibu na chake.

Nikikaa pale nitalia, najijua. Basi nilie! Kibet alilia, amekufa?

Amemimina vikombe viwili. Ananiita — Kituyi, njoo, inapoa. Uzi haufungiki, naurudia tena; ukishika tu naenda kukaa —