Nani Atanishikia Mlango, Mwanahawa

Shosti yangu Mwanahawa,

Nakuandikia Imu akiwa mgongoni, ndiyo kwanza kalala, kwa hiyo nalia kimyakimya. Anaota meno, hatulali. Ungekuwepo ungesema, "Mama Imu, nipe huyo mzee nimzungushe sokoni." Sasa hakuna wa kumzungusha.

Kundi letu la wasapu bado lipo. Ilipopita arobaini yako kina mama wakaanza kuulizana: Jumamosi twende wapi, nani atatuonjea sasa? Walikuzoea. Ukitoka baa au mgahawani unawatumia sauti: ndizi zimeiva vizuri, mhudumu amenuna, mbuzi wa kuchoma wa Mikumi pale yanaposimama malori ni mtamu lakini wahini kabla mabasi hayajashusha watu. Na kabla ya yote hayo, choo. "Choo kwanza, chakula baadaye. Mwenye choo kibovu, jikoni kwake msiniulize." Wanaume wakitucheka unawajibu, "Nyie mna ukuta, chekeni tu!"

Wakanisukumia mimi. Nikasema nina mtoto, sina muda. Kumbe naogopa tu kukaa mezani bila wewe. Lakini Jumamosi iliyopita wale waigizaji wa Mikumi walikuja kucheza hapa Kilosa, kwenye baa ya Mama Stella. Nikajikaza, nikambeba Imu mgongoni, nikaenda jua likiwa bado lipo.

Hukuona, lakini Mama Stella ndiye aliyetoa viti vya msiba wako. Hakuna aliyemwomba. Basi nikavuta kiti nikae, nikaona alama ya rangi nyekundu mgongoni mwake. Ni vilevile, Mwanahawa. Ndivyo tulivyokalia sisi wanawake wakati wanaume wamekupeleka makaburini. Muziki unapiga, watu wanaagiza bia, na mimi nimekikalia.

Mama Stella akaniletea kuku mwenyewe. "Mwanangu, utusemee vizuri kwa wenzio. Si tulikuwa wote msibani?" Nikaitikia kwa kichwa. Nikala, mtamu kama zamani.

Maigizo yakaanza. Yule anayeigiza mume mhuni alipofika pale pa kumtongoza jirani, akanyamaza, akatazama upande wetu. Pale ndipo ulipokuwa unapaza sauti, "Muogope dada, mkewe namjua!" Akangoja kidogo. Akaendelea.

Nikaenda chooni. Komeo hakuna, kama zamani. Zamani ulinishikia mlango kwa nje, unagonga, "Fanya haraka, foleni imefika Kimamba huku!" Safari hii nimeushika mwenyewe, mkono mmoja mlangoni, mwingine unamzuia Imu asiteleze. Mlevi akausukuma. Nikapiga kelele, akaenda zake anacheka. Mimi nikabaki mle nalia. Chooni, shosti. Nalia kama mtoto.

Nilipofika nyumbani nikawatumia sauti. Nikasema kuku mtamu, maigizo yanachekesha, mwenye baa ana moyo. Nikasema pia choo hakina komeo, mwanamke asiende peke yake.

Ile sauti ikamfikia Mama Stella, akanipigia. "Ndiyo shukrani hiyo? Viti vyangu umevisahau?"

Nikamwambia, shikamoo mama, viti vyako nitavishukuru mpaka naingia kaburini. Ila Mwanahawa hakuwahi kumsifia mtu kwa kumwonea haya, na mimi sitaanza. Akakata simu.

Jana nikapita kumsalimia, maana siwezi kununiana na mtu aliyenisaidia kukuzika. Akanionyesha kwa kidole kule nyuma.

Kaweka komeo. La chuma, jipya. Nikaingia, nikalifunga, mlango ukatulia wenyewe bila mtu kuushika. Sikuwa na haja yoyote. Nikasimama tu mle ndani, Mwanahawa, nasubiri ugonge.

Pumzika, mwenzangu. Mungu akulaze pasipo na kelele. Jumamosi ijayo naenda Mikumi kwenye wale mbuzi, na nitaangalia choo kwanza. Kina mama nitawaambia kweli hata kama mwenye baa ni ndugu yangu. Na nikikuta mlango hauna komeo, nitasimama nje nimshikie yeyote aliyekuja peke yake. Nitamgongea nimwambie afanye haraka.

Wako,
Mama Imu