Basi la Lifti Nililolikataa

Jumapili, 4 Mei 2025

Daktari kanipa daftari niandike presha kila siku. Presha naiandika nyuma. Mbele naandika yangu. Hatem mwanangu Kiswahili anakisema, kukisoma hawezi. Mke wangu Balqis hasomi bila miwani, na miwani hajui iliko. Niko salama.

Leo simu imelia niko peke yangu ukumbini. Msichana, Kiarabu safi, anaitwa Raghad, wa ofisi ya safari huko Qurum. Khabari za ile safari ya meli mwezi ujao, Denmark na Norway, aliyotulipia Hatem. Namba yangu ndiyo iliyoandikwa, maana Hatem ana adabu, hawezi kuweka yake mbele ya babake. Kauliza athibitishe kiti cha magurudumu, na mabasi yenye lifti kila mji tutakaoshuka?

Kiti cha nani? Kasema cha Mzee Msellem, Hatem kakiomba kwa ajili ya magoti yake.

Damu ikanipanda. Mimi! Miaka ishirini na saba nimeendesha winchi bandarini Matrah. Ngazi themanini kwenda juu, themanini kushuka, na birika la chai mkononi! Nkamwambia hapana kilema nyumba hii. Futa. Tutie basi la watu wenye miguu yao. Kauliza mara mbili kama nna hakika. Nkasema andika.

Kaandika.

Jumatatu, 5 Mei

Presha juu. Sikumwambia mtu khabari ya simu.

Jumatano, 7 Mei

Balqis kanunua koti. Zito kama godoro. Kaishusha AC mpaka kumi na sita, akalivaa, akawa anatembea ukumbini kulijaribu. Sisi wengine tunatetemeka.

Anataka barafu. Kuna kijiji huko Norway meli inasimama, basi linapanda mpaka chini ya mlima wa barafu. Anasema anataka alishike kwa mkono wake barafu la Mungu, si la friji. Miaka kumi kamuuguza mamangu mpaka akafa mikononi mwake. Hakutoka pahala ila Makka.

Jioni alikuwa kwenye simu na dada yake wa Quriyat. Mimi niko ukumbini, wao hawajui nasikia. Anamwambia basi lina lifti, linaninyanyua mimi na kiti changu, yeye kazi yake kusukuma tu. Dada yake nafikiri kauliza, na kama halina? Balqis akajibu:

"Basi nnabaki naye melini. Nimwache vipi? Mimi nitazame barafu, yeye nani amtazame?"

Sikula usiku. Nimesema tumbo.

Alkhamisi, 8 Mei

Nimeanguka. Pale bombani, natia udhu. Mguu wa kushoto ulikuwapo, halafu haukuwapo. Mara ya tatu hii mwaka huu. Ya kwanza na ya pili anazijua Winifrida peke yake, msichana wetu wa kazi, Mhaya wa Bukoba. Na hii kaja yeye. Kanitia mikono kwapani, kaninyanyua mara moja. Eti babu wewe mwepesi, kwetu mkungu wa ndizi unakushinda.

Mimi mkungu wa ndizi! Nilikuwa nabeba gunia la mchele kwa meno.

Nkamwomba asiseme. Hakucheka tena. Kanifuta maji miguuni, kasema:

"Babu, mimi nitanyamaza. Lakini ukivunjika huko baridini, Mama ataniuliza mimi kwa nini nilinyamaza. Nimjibu nini?"

Nkafungua bomba, nkaanza udhu upya.

Ijumaa, 9 Mei

Msikitini kuna safu ya viti nyuma. Wanakaa wazee. Mimi nasali safu ya mbele, nimesimama, siku zote.

Leo nimesujudu, kunyanyuka goti limekataa. Imamu kasimama, watu wamesimama, mimi niko chini kama zulia. Jirani yangu Muhanna kanishika kwapa, kanivuta, huku anasali. Tulipotoka kaninong'oneza, wiki ijayo aniwekee kiti? Nkamwambia nilikuwa naomba dua ndefu.

Kasema Mwenyezi Mungu aikubali. Muungwana. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 11 Mei

Nimekwenda kujipima. Basi la skuli linalala nyuma ya nyumba yetu. Dereva Mbaluchi, namjua. Nkamwambia nifungulie mlango, nataka kupanda tu. Winifrida kanifuata, sikumwita.

Ngazi tatu. Si themanini. Tatu!

Ya kwanza nimepanda. Ya pili nimepanda, nimeshika chuma kwa mikono miwili. Ya tatu – nikatazama chini. Kwenye winchi sikutazama chini hata siku moja. Leo nimetazama, na ardhi ikaniita. Kupanda siwezi, kushuka siwezi. Dereva na Winifrida wamenishusha kinyumenyume, kama kabati.

Nna khofu. Naandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitasema. Si khofu ya kufa. Naliona lile basi la huko, limejaa Wazungu, wananingoja mimi mlangoni. Balqis na koti lake anawaomba radhi kwa lugha asiyoijua. Kisha anashuka, ananirudisha melini. Anakaa na mimi dirishani. Hatasema kitu mpaka siku ya kufa kwake.

Jumanne, 13 Mei

Nimempigia Raghad. Nkamwambia hebu rudisha lile basi la lifti.

Kanijibu: Nafasi zimekwisha. Kopenhagen hapana, Bergen hapana. Imebaki moja tu, ya basi la barafu, na watu wengine wanaitaka. Ataniwekea mpaka Alkhamisi adhuhuri. Lakini lazima fomu ya afya ijazwe upya kwa simu, na atakayenisukuma awepo anasikia.

Nkasema mke wangu kalala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Anaimba jikoni.

Alkhamisi, 15 Mei

Saa tano na nusu. Simu iko wazi ukumbini, spika. Balqis nimemwambia ni mambo ya kawaida tu ya ofisi. Raghad anauliza, Balqis anajibu yeye, kwa furaha. Umri. Uzito. Presha. Kisha: ameanguka mwaka huu?

Balqis hakufikiri hata kidogo. Kasema hajaanguka, alhamdulillahi, huyu mwanamme wa winchi.

Winifrida alikuwa anafuta meza. Kasita na kitambaa mkononi.

Raghad kasema lazima asikie kwa bwana mwenyewe. Kisha na namba ya kitambulisho.

Balqis kanitazama anacheka. Nkasema naenda kukileta.

Niko chumbani. Nimefunga mlango kwa ufunguo. Kitambulisho kiko mfukoni, kilikuwepo tangu asubuhi. Nimekaa chini nilivute daftari uvunguni, niandike kwanza, nione neno linakaaje. Limekaa: nimeanguka mara tatu.

Sasa kunyanyuka siwezi. Nimeshika kitanda, kitanda kinakuja. Ufunguo uko juu mlangoni, mkono haufiki.

Namsikia Raghad anasema ana mteja mwingine anangoja.

Nimemwita Winifrida, taratibu.

Aliyeitika ni Balqis, nje ya mlango.