Keremkerem wa Shimo la Tofali

Jumanne, Ntalikwa

Jiko langu na lisubiri tu. Mvua itanikuta napikia nje, najua, lakini keremkerem, ndege wanaokula nyuki, wameangua makinda kwenye ukuta wa shimo tunalochimba udongo wa tofali. Nani atapiga jembe hapo?

Asubuhi mama mkwe alikuja na tope la kuziba tundu lao. "Wananimalizia nyuki wangu!"

Nikampisha njia. Mkwe habishiwi.

Mara ndege akatua, mgongo kijani, koo la njano, mdomoni ana nyigu. Akampigiza kwenye tawi mpaka mwiba ukatoka, akawapelekea makinda.

Mama akagusa jicho lake, ambalo nyigu walilivimbisha Jumapili.

"Tuzibe, mama?"

"Thubutu!"

Jioni alirudi na kigoda, akakaa kuwatazama. Walipoleta nyuki, akajifanya haoni.