Kava Isiyo na Risiti

Kwako Shangazi Unaisi, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana moyo wangu umechafuka na hapa kijijini sina wa kumwambia, kila mtu ni ndugu ya mwenzake.

Mimi ni mke wa mtu, nina stashahada ya uhasibu na ninaweka vitabu vya duka moja la mbao huko Labasa. Wifi yangu Kelera aliishia kidato cha nne, lakini yeye ndiye mkuu wa chama chetu cha kupanda mikoko, yeye ndiye aliyepandishwa ndege kwenda Brisbane kwa wafadhili, yeye ndiye aliyetoka gazetini ameshika mche, na mama mkwe akaikata ile picha akaitundika palipokuwa na picha ya harusi yangu, Shangazi, harusi yangu sasa iko nyuma ya kabati! Nikipita njiani naambiwa, "Mwambie Kelera tunamshukuru," kana kwamba mimi ni tarishi wake. Nasema kweli, namwonea wivu mpaka chakula hakishuki.

Basi wafadhili wa Brisbane wakasema hawatoi dola elfu arobaini za mwaka wa pili mpaka mtu anayejua hesabu akague vitabu vya chama na kuwatumia ripoti moja kwa moja, kijiji kikanichagua mimi, nikafurahi kupita kiasi. Siku tatu nilitafuta kosa, miche ipo, malipo ya akina mama kumi na mmoja wa kitaluni yamesainiwa, nikaona mafuta ya boti hayana daftari la safari, halafu nikaona kava, ile mizizi yetu ya kutwanga na kunywa, dola elfu moja mia tatu na ishirini, bila saini hata moja ya aliyepokea. Nilijua ni nini. Huwezi kuingia pwani ya watu kupanda mikoko bila kuweka fungu la kava mbele ya mkuu wao, na ukimwomba mkuu risiti umemtukana. Kelera alikwenda vijiji kumi na viwili, na kimoja tulikwenda pamoja, nikaketi mkekani, nikapiga makofi, nikapokea kifuu changu nikanywa. Lakini kalamu nilikuwa nayo mimi, nikaandika: "Vinywaji vya starehe, havijulikani vilikokwenda."

Fedha zimezuiwa. Akina mama hawajalipwa wiki mbili, na Jumamosi Kelera atasimamishwa mbele ya kijiji ajieleze, tena wapo wanaotaka nafasi yake nipewe mimi. Juzi alikuja jikoni kwangu nikikuna nazi, macho yamemvimba.

"Wifi, wale watu hawajui mambo yetu," akasema. "Wewe una kisomo, niandikie majibu watakayoelewa."

Nikamtania kama tulivyozoea, "Si uende mwenyewe? Brisbane ndiko kwenu siku hizi."

Hakucheka. Akaninyang'anya mbuzi, akanikunia nazi iliyobaki, akaenda zake. Hajui kwamba yale maneno ni yangu. Nikisema nitaaibika, nikinyamaza nitapata nafasi yake. Nifanyeje?

Mke wa Watu, Vanua Levu

SHANGAZI UNAISI ANAJIBU

Mwanangu, picha yako ya harusi kuwekwa nyuma ya kabati ni kosa, na hilo mwambie mama mkwe wako uso kwa uso. Uchungu wako nauelewa. Lakini Kelera hakuitundika ile picha, na akina mama kumi na mmoja hawakuitundika pia, mbona wao ndio wanaolala njaa?

Usijifiche nyuma ya stashahada. Mtu wa Brisbane akiandika hivyo, tutasema hajui. Wewe ulijua. Umeandika kwamba kava haijulikani ilikokwenda, na nyingine imepita kooni mwako!

Leo hii, kabla hujapika, waandikie wafadhili. Waeleze kava ni ya nini, vijiji ni vipi, lini, na nani walikuwepo, na jina lako liwe la kwanza kati ya mashahidi. Waambie uliandika vibaya ukijua. Waambie pia wewe ni wifi yake, na tangu mwanzo hukustahili kukagua. Watafute mtu asiye wa ukoo.

Ya mafuta usiyafute kwa huruma. Hilo ni kosa la kweli, na Kelera afungue daftari la boti kesho. La kava nalo lifunguliwe: tarehe, kijiji, uzito, risiti ya muuzaji sokoni, na majina ya wawili waliofuatana naye. Mkuu hasumbuliwi, na mfadhili anaona fedha zake. Fedha za watu zinataka maelezo, hata kama aliyezishika ni mtu mwema.

Nafasi hiyo isahau. Ukiipata hivi, kila aliyekuchagua atajiuliza siku moja utamwandika nini.

Kisha nenda sokoni, toa fedha zako mwenyewe, ununue fungu la kava la kuombea radhi. Usisubiri Jumamosi, na usimtume mumeo. Ingia kwa Kelera, keti chini, liweke mbele yake, umwambie kwa mdomo wako ulichoandika. Huenda akalipokea, huenda akakuacha umekaa hapo mpaka miguu ife ganzi. Vyovyote vile, hilo fungu usiliombee risiti.