Neno Moja Zahanati

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekuwa mtu! Mama kanituma zahanati na jirani yetu mshonaji, yule aliyehamia nyumba ya pili na cherehani yake. Kiswahili chake kinaishia kwenye “asante” na “kesho”. Nesi anauliza, nageuza kwa Kifaransa. Mshonaji anajibu, nageuza kwa Kiswahili. Benchi zima linanikodolea macho. Raha!

Presha yake iko juu. Nesi kauliza kama vidonge bado anatumia. Kajibu haraka haraka: j'en prends plus. Nikasema, anameza zaidi. Nesi akakunja uso — anazidisha na bado presha haishuki? Basi hivyo havimwezi. Kapewa vikali zaidi.

Mama kashawatangazia majirani kwamba Kifaransa kinanitoka kama maji. Sikumkatalia.

Alhamisi, 6 Machi

Ee Mungu wangu.

Madamu, mwalimu wetu wa sarufi ya Kifaransa chuoni, leo kafundisha neno plus. Ukiitamka s ya mwisho, maana yake ni zaidi. Usipoitamka, mara nyingi ni basi, nimeacha, hakuna tena. Vitabuni kuna kineno cha kukanusha kinachokutahadharisha mapema. Lakini watu wakiongea, kasema, hicho wanakimeza! Darasa likacheka. Kasuku, ninayekaa naye dawati moja, kacheka mpaka kikohozi. Mimi nimekaa kama niliyemwagiwa maji ya baridi.

Sauti ya mshonaji naisikia wazi kabisa. Plu. Hakukuwa na s. Hakuzidisha chochote, alikuwa ameacha!

Nimemnong'oneza Kasuku. Kasema niende zahanati sasa hivi. Nikamwambia labda nilisikia vibaya. Kanijibu: “Ulisikia vibaya, ndiyo. Juzi.” Nikasema kesho nina mtihani wa kuongea, nikitoka tu naenda. Kanitazama, kafunga begi, kaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani. Niliulizwa kuhusu adabu ya mazungumzo — nani unamwita “vous” ya heshima, nani unamwita “tu” ya ukaribu, na lini mtu anakuruhusu kuvuka. Nilitiririka. Madamu kasema sikio langu limekomaa. Sikio langu! Nikashukuru, uso unawaka moto.

Zahanati ilikuwa wazi. Nesi mwenyewe nilimwona dirishani. Nikavuka barabara, nikapita upande wa pili kama mwizi.

Jumapili, 9 Machi

Kaanguka.

Alikuwa anainuka kwenye cherehani, kizunguzungu kikamkamata, kichwa kikagonga ukingo wa meza. Mama ndiye aliyesikia kishindo. Nimemkuta chini, gauni la mteja limelowa damu, na yeye analililia gauni! Mama anambana jeraha kwa kanga, mimi nimesimama mlangoni kama gogo.

Alipotulia nikamuuliza kuhusu vile vidonge vya mwanzo, polepole, neno kwa neno. Kasema vilimvuruga tumbo, akaviacha siku nyingi. Si nilimwambia nesi? kasema. Nikaitikia kwa kichwa. Nimeitikia! Nikamwambia hivi vipya asivimeze tena mpaka aonwe. Kauliza nani kasema. Nikasema nesi.

Mama kaniuliza, “Anasemaje?”

“Anasema amechoka tu.”

Uongo wa pande mbili, na hapa hakuna sarufi ya kuisingizia.

“Basi kesho umpeleke,” Mama kasema. “Wewe ndiye mdomo wake, mwanangu.”

Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa benchi la zahanati. Mshonaji yuko kando yangu, bendeji kichwani, kapendeza kama anaenda harusini. Mbele yetu kuna watu wawili — sasa mmoja.

Darasani sikwenda. Tangu niamke napanga maneno. Mwisho nimeyatoa: c'est ma faute. Ni kosa langu.

Akacheka! Kanipiga paja, kasema nisijisumbue, kila anayejifunza lugha hukosea, na hiyo sentensi nimeisema sawasawa kabisa. Kumbe anadhani naomba radhi kwa ajili ya sarufi. Na nusura niliache likae hivyohivyo. Lilikuwa tamu, kosa la darasani, la kalamu nyekundu tu.

Nikaanza upya. Vidonge. Nesi. Wewe ulisema umeacha, mimi nikasema unazidisha. Nikataka kueleza ile s, nikakwama, vitenzi vyote vimenikimbia — mwaka wa pili chuoni, na nababaika kama mtoto! Nikarudia tu: mimi. Kuanguka kwako. Mimi.

Kicheko kimemkauka. Anaugusa ule upande wenye bendeji. Kaniuliza kitu kwa sauti ya chini, na mara hii kasema “vous”. Wiki nzima alikuwa ananiita “tu”, kama mwanawe.

Mlango umefunguliwa. Nesi kachungulia — leo nani anamsemea huyu mama?

Mshonaji kaelewa bila mimi. Kasimama. Ananitazama mimi. Basi nafunga daftari, naingia kumwambia nesi nilichokosea.