Salere ya Dokta ya Mugongo

Siku ya tatu, 4 Desemba

Batu tatu ku mukeka mbele ya saa nne. Wa kwanza mwanaume ya kijiji ya Kabuta, ule mwenye kubeba samaki na baiskeli. Kiuno imekamata. Wa pili mama muuza mihogo, bega. Wa tatu mutoto ya jirani, shingo. Nikapasha mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, nikakanda, nikakanyaga na kisigino. Mwanaume ya Kabuta alilia kama mwanamuke mwenye kuzaa. Alafu akasimama wima, akacheka. Akaniachia samaki mbili ya kukausha. Bei sisemake. Mutu anatoa kadiri iko nayo.

Mwansa hakuja kula. Mujukuu yangu. Iko dokta ya mugongo, ku kliniki moja ya hapa Kashikishi. Myaka sita alisoma Sauzi, mimi nikauza chisense, tule tusamaki tudogo, mpaka mikono ilinuka hata mu kanisa. Sasa anavaa koti nyeupe, na viatu imepasuka. Dokta gani anatembea na viatu ya kupasuka?

Siku ya Mungu, 8 Desemba

Amekuja. Amekula bukari kama mutu mwenye kutoka mu gereza. Nikamugombeza. Nikamuuliza salere inaenda wapi, pombe ao mwanamuke. Akachovya tonge mu sombe, ile majani ya muhogo. Sipende mutu mwenye kunyamaza wakati nasema.

Bamama ya kanisa baliniuliza tena nyumba yangu itapata mabati siku gani, kwa sababu niko na dokta. Nilisema mbele ya Pasaka. Nimesema, basi imesemwa.

Siku ya tano, 13 Desemba

Leo nilienda ku chumba yake bila kumuambia. Nilitaka kumukamata ule mwanamuke.

Hakuna mwanamuke. Iko godoro, sufuria moja, makala kidogo ya kupikia mu ndoo, unga ya kumaliza. Ku musumari inaninginia mifupa ya mugongo ya plastiki, alitoka nayo ku masomo. Bibi ya mwenye nyumba akanivuta pembeni. Akasema Mwansa hajalipa chumba mwezi ya pili sasa, lakini ni mutoto mwenye heshima, eti nisimuambie. Nikamujibu mujukuu yangu hana deni ya mutu. Nikaondoka mbio. Haya ilinifuata mpaka nyumbani.

Siku ya posho, 21 Desemba

Nimemubana, amesema yote.

Kumbe salere ya mwezi haiko. Banamulipa kwa vichwa. Mugonjwa mumoja akilipa, mwenye kliniki anakamata kubwa, Mwansa anapata kipande. Vichwa ikiwa mingi, analipa chumba, unga, makala, umeme, inabaki tu nauli ya kwenda muji ya Mansa na kurudi. Vichwa ikiwa kidogo, chumba peke yake inakula yote. Na tangu serikali ifunge ziwa, samaki ipumuzike mpaka Machi, makuta, pesa yenyewe, imepotea ku kila nyumba.

Akasema kule Solwezi, ku batu ya migodi, iko kliniki inamutaka. Salere ya mwezi, ya kweli.

Nikasema hapana. Nikamuuliza kama batu ya hapa habana migongo. Akaangalia mukeka yangu. Alafu akaangalia chini.

Siku ya pili, 7 Januari

Leo amekuja mwenye lori, ule mwenye kupeleka samaki Copperbelt, ku migodi. Tumbo mbele, saa ya dhahabu ku mukono. Niko juu ya mugongo yake, yeye anaongea. Akasema:

"Mama, kule kwa dokta banaomba makuta mbele ya kukugusa. Hapa ni samaki mbili na asante. Mwenye akili ataenda wapi?"

Akacheka. Mikono yangu ikasimama.

Alipoenda, nikahesabu na vidole batu ya siku saba ya nyuma. Kumi na moja. Vichwa kumi na moja. Mwansa alijua, na hakusema, kwa sababu ya heshima.

Mimi njo nakula salere ya mutoto. Nilimutukana juu ya mwanamuke, kumbe mwanamuke ni mimi.

Siku ya nne, 9 Januari

Nimekunja mukeka. Batu bane balikuja, bane nimerudisha. Muende ku kliniki, muko na dokta mwenye kusoma. Mwenye lori alirudi pia. Nikamuambia: uko na lori mbili, uende ulipe kama mwanaume.

Bega yangu imepumuzika. Roho hapana.

Siku ya kwanza, 20 Januari

Nilimuuliza Mwansa vichwa. Mwenye lori alienda. Na mwalimu mumoja. Basi.

Bengine bako wapi? Bako ku nyumba, balilala na maumivu. Mwanaume ya Kabuta alifika ku mulango yangu asubuhi, amepinda kama jembe, anasukuma baiskeli badala ya kupanda. Nikamuambia kliniki. Akasema, "Ndiyo, mama." Nikamuangalia mpaka njia panda. Hakukata upande ya kliniki.

Sombe bila samaki, siku sita sasa. Siombe mutu.

Siku ya Mungu, 26 Januari

Mwansa amenikasirikia. Mara ya kwanza tangu nilimulea. Hata hakuikala.

"Kambo, nani alikutuma ufunge mukeka?"

Nikasema nilimufungulia njia.

"Bale batu habana makuta. Habakuwa bangu hata siku moja. Mbele balikuwa na weye. Sasa habana mutu."

Alikuta mwanaume ya Kabuta pembeni ya barabara, hawezi kuinuka. Akamunyoosha pale pale, juu ya nyasi, koti nyeupe ku mwili. Bure. Mwenye kliniki alisikia, akamukata makuta yake, eti anaharibu bei.

Akasema ameandikia batu ya Solwezi, amekubali.

Nikamujibu aende, nikasema chisense yangu yote nilitupa mu maji. Nilisema vibaya. Niliona uso yake na sikurudisha neno. Niko hivyo.

Siku ya posho, 1 Februari

Ameenda na basi ya asubuhi. Ile mifupa ya plastiki aliikamata ku mikono, kama mutoto, isivunjike. Nilimupa mihogo ya kuchoma. Alipokea na mikono mbili, akapiga magoti pale mbele ya batu. Sikulia. Nilimuambia afunge koti, baridi.

Siku ya Mungu, 2 Februari

Kisha ibada kuisha nikasimama mbele ya bamama. Nikasema mabati haiko Pasaka hii, wala sijue ya siku gani. Salere ya mujukuu yangu haikumufikia yeye mwenyewe. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, nikiwa hapa. Hakuna aliyecheka. Mumoja alikohoa.

Mukeka nitafungua tena kesho, siku ya kazi. Mwenye lori nitamurudisha.

Siku ya tatu, 5 Machi

Ziwa imefunguliwa. Batu tano leo, bote mugongo. Balisahau kuvuta nyavu miezi tatu, alafu banavuta kama bazimu.

Mwansa alipiga simu. Salere iliingia. Ni kubwa, amesema. Lakini chumba kule inakamata nusu, na unga iko bei kuliko hapa. Mwezi hii hatatuma kitu. Nikamuambia akule kwanza.

Alafu akauliza, pole pole, eti kuko muzee mumoja wa mugodi, nyonga imekamata, amejaribu yote ya masomo na inakataa. Eti mimi Kambo yake nafanyaka namna gani?

Nikamuambia amulalishe ubavu, ule mubaya juu. Goti aikunje. Asivute bado, asikilize kwanza na kiganja mpaka nyama ilegee. Simu niliibana na bega, mikono yangu yote mbili ilikuwa inaenda mu hewa. Akasema, "Ngoja, Kambo, naandika." Nikangoja. Nikaendelea.

Uniti yake ya simu ikaisha, nikiwa bado naeleza goti. Sikumuambia kisigino anaiweka wapi.