Kimya cha Ubeti wa Tatu

Hamravík,
Suðuroy, Visiwa vya Faroe.
3 Machi 2019

Mpendwa mwanangu Niklái,

Salamu nyingi kutoka kwa shangazi yako. U mzima? Kile kikohozi cha Krismasi kimekuacha? Na mkeo Mette, na mtoto wenu, Rúna wangu, wanaendeleaje? Sisi tunapumua. Babu yako miguu inamsumbua, mimi mgongo, na ukungu umekaa kijijini siku ya sita leo. Kondoo hatuwaoni, tunawasikia tu.

Najua umenipigia mara nne na sikupokea. Usinikasirikie. Mambo yenyewe hayakuwa ya kusemwa kwa simu.

Niliumia sana niliposikia ndege yako imezunguka juu ya uwanja wetu wa Vágar, upepo ukaikatalia kutua, mkarudishwa Kopenhagen. Mtu anatunga muziki miaka miwili, halafu siku ya kupigwa yeye yuko angani!

Basi tulikwenda bila wewe. Feri ilituyumbisha vibaya, jirani yetu Sanna akatapika mpaka mjini Tórshavn, lakini ukumbini alikuwa wa kwanza kuketi. Alimkodolea macho yule mpiga ngoma kubwa, akaninong'oneza kwamba mtu wa kukaa nusu saa apige mara mbili, kwenye kiwanda chetu cha samaki angefukuzwa siku hiyo hiyo. Babu alivaa ile sweta ya Jumapili aliyofumiwa na Bibi.

Muziki wako ni mzuri, mwanangu. Shairi la baba yake Babu, yule mwalimu, la boti ambazo hazikurudi, nililisikia lote mle bila neno hata moja kutamkwa. Fidla zilianza mstari kama Babu anavyoanza, zikiuburuta polepole, na tarumbeta zikadaka nyuma yake kama tunavyodaka sisi kanisani. Nikajisemea, huyu kazaliwa Denmark lakini damu haikupotea.

Kisha ukafika mstari wa pili wa ubeti wa tatu, na okestra nzima ikanyamaza.

Kwenye kile kijitabu cha ukumbini mmeandika kwamba kimya hicho ni desturi ya kale ya waimbaji wa Hamravík. Niklái, hatuna desturi hiyo. Wewe umekipata kwenye ile kanda ya Babu akiimba, niliyorekodi jikoni nikakutumia, na mimi, mjinga mkubwa, sikukueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Siku ile Bibi alikuwa kwenye sinki anamenya viazi, mbali na kinasa sauti. Mstari wa pili ulikuwa wake siku zote: Babu anaanza, Bibi anaudaka, wanamalizia pamoja. Beti mbili alidaka vizuri. Wa tatu Babu akaanza, akangoja. Bibi alimtazama tu, kiazi mkononi, anatabasamu kama mgeni asiyejua akae wapi. Maneno yalikuwa yamemtoka. Babu akangoja, halafu akauimba mstari ule peke yake. Hiyo ndiyo siku tuliyojua kwamba Bibi ameanza kutuacha, miaka mitatu kabla hatujamzika.

Kwa hiyo kilichonyamaza mle ukumbini ni jiko letu. Babu alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Fidla zilipoingia tena aliinuka akatoka. Nilimkuta nje kwenye mvua, hana koti. Tangu siku hiyo hakutaja muziki wako hata mara moja. Sanna anasema kanuna. Mimi nilijua si kununa, na nilijilaumu mpaka nikashindwa kula.

Jumapili iliyopita ndiyo iliyonimaliza. Kwaya yetu ilikuwa imeusikia muziki wako redioni. Wakaimba shairi lile, na walipofika pale pale wakanyamaza wote, watu wazima, kwa adabu kabisa. Niliona aibu kumtazama Babu.

Juzi barua yako ikafika. Unasema mnarekodi mwezi wa Mei, na mwongoza okestra anakiona kimya kirefu mno, anataka kukipunguza, nawe hutaki kuamua kabla ya kumsikia Babu. Nikaona nisimfiche tena. Nilimsomea yote mezani, nikamwambia kwamba hukujua, na kosa ni langu.

Aliendelea kukata nyama yake vipande vidogo vidogo, asile. Kisha akasema:

"Nilimharakisha, Hergerð. Ningengoja kidogo tu, angekumbuka. Mwambie kijana akirefushe."

Sikumbishia. Wewe na mimi tunajua Bibi asingekumbuka hata tungengoja mpaka jioni. Lakini kirefushe, mwanangu. Na mwongoza okestra akikuuliza sababu, mwambie ndivyo tunavyoimba Hamravík.

Nisalimie Mette, na umbusu Rúna mashavu yote mawili. Sanna anakusalimu, anasema mpe yule mpiga ngoma kazi zaidi. Babu anakusalimu, nilipomuuliza niandike nini, alisema niandike kwamba anangoja Mei. Mungu awafunike huko mliko, na safari ijayo aushike upepo mpaka ndege yako itue.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye,

Hergerð